Sentimita Nane

Baba alirudi kutoka baharini na vidole vinane.
Nilikuwa na miaka sita. Nikahesabu mara mbili,
nikadhani viwili amevisahau kwenye begi.
Hakueleza. Aliomba kahawa,
akashika kikombe kama kitu cha kuazima.

Mkono mmoja haulei mwana, husemwa.
Mimi nimelelewa na mmoja na nusu.

Leo kazi yangu ni kuchora mkono.
Ofisi yetu Kristiansand iko ghorofa ya tatu,
mvua ya Februari inaanguka kiubavu dirishani,
na kwenye skrini mkono wangu una tani tisa,
silinda nne za haidroli, meno ya kubana bomba,
reli mbili za kuupeleka mbele na kuurudisha.
Hauna ngozi. Hauna ujana wa kujivunia.
Hauna mke wa kupigiwa simu usiku.

Zamani ilikuwa shughuli ya watu na mnyororo:
huyu anatupa, yule anavuta, koleo zinaning'inia,
bomba linazunguka, matope yanateleza chini ya buti,
na meli inainuka, inainama, haimwombi mtu radhi.
Bahari ya Kaskazini haibishi hodi.
Siku moja tu Baba alisema, akimenya kamba wa kuchemsha:
"Mnyororo haukunitafuta. Mimi ndiye niliyechelewa."
Nusu sekunde.
Nimeiandika kwa kalamu nyekundu juu ya meza yangu,
pale wenzangu wanapobandika picha za watoto.

Jumapili nikamkunjulia mchoro kati ya mkate na siagi.
Akavaa miwani, akanyamaza kama anayesoma barua ya serikali.
Kidole chake kikapita juu ya pistoni, juu ya valvu,
kikasimama penye tundu la grisi.
"Hapa atafika nani?"
Fundi, nikajibu.
"Fundi mwenye mkono wa mtoto mchanga?
Baridi kali, glavu mbili mbili, sitaha inacheza,
atazivua, Gudny. Atazivua na kuingiza mkono.
Kila unachokificha kitatafutwa kwa vidole."

Nina shahada mbili. Niliona haya hadi masikioni.

Naye bado ameinama:
"Sisi tulikuwa watano pale chini ya mnara. Huu ukifika?"
Wawili. Mmoja ndani ya kibanda cha kioo,
kitini, anaongoza kwa vifimbo kama wa mchezo wa kompyuta.
"Na wale watatu?"

Mchoro una tabaka arobaini na moja:
la nyaya, la mafuta, la boliti, la rangi ya kuzuia kutu.
Nilizipitia zote kichwani.
Watakuwa salama, nikasema,
na Baba akapaka siagi kwenye mkate, polepole, hadi kwenye kingo.
"Anfinn alikuwa salama pia," akasema, "tangu walipompunguza.
Salama kwenye kochi, miaka kumi na minne."

Jumatatu nikalisogeza tundu nje, sentimita nane.
Kwa wale watatu sikuwa na pa kubonyeza.

Meli inajengwa Geoje, upande wa pili wa dunia.
Bwana Pyo wa karakana akaandika usiku uleule:
Mabano yameshakatwa. Sentimita nane ni siku tisa.
Nani analipa? Sababu ya kiufundi ni ipi?
Niliandika aya ndefu yenye vipimo na kanuni,
nikaifuta.
Nikaandika: Baba yangu alifanya kazi hiyo.

Kimya cha siku mbili. Meneja wangu akapita mara tatu
akiuliza mambo ya hali ya hewa.

Kisha ikaja picha, bila salamu, bila neno:
chuma kipya ambacho hakijapakwa rangi,
na glavu nene ya manjano ikiligusa tundu
bila kujikunja, bila kuingia popote.

Nikaikuza hadi ikajaa skrini.
Nikavihesabu vidole.
Mara mbili.